Pipi za Ng'ambo katika Duka la Mtaa

Usiku huu nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mtu wa umri wangu, mwenye mvi kichwani na wajukuu nyumbani, hulionea haya kidogo kabla ya kulitamka mbele ya kipaza sauti, nalo ni pipi; wala si zile tulizozizoea sisi wenyewe, kashata na gubiti na ubuyu uliotiwa rangi na hiliki, bali zile zitokazo ng'ambo, zenye maandishi ya Kituruki na Kijerumani na Kichina, ambazo siku hizi zimekaa katika maduka ya mitaa yetu ya Unguja kwa utulivu, kana kwamba zilizaliwa Mlandege.

Nianze na kopo. Mliokuwa watoto Unguja mwishoni mwa miaka ya 1970 mnajua hali ilivyokuwa: bidhaa za kigeni zilikuwa adimu, vyakula vyenyewe vilipangiwa foleni, na mtoto aliyebahatika kuonja chokoleti alikuwa na habari ya kusimulia muhula mzima. Katika mtaa wetu palikuwa na nyumba moja ambayo mjomba wa watoto wake alikuwa amehamia Maskati, kama walivyohamia wengi wenye asili ya Omani baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, naye alipokuja kuwatazama jamaa zake alileta kopo la bati, la Quality Street, lililochorwa askari wa zama za kale na bibi mwenye gauni pana mfano wa mwavuli. Pipi zile asili yake ni Halifax, katika Uingereza, ambako kampuni ya Mackintosh ilianza kuziuza mwaka 1936, na kila moja ilivikwa karatasi yake nyororo, yenye rangi yake, ing'aayo na kupitisha mwanga. Watoto wa nyumba ile walikula pipi. Sisi majirani tulipata karatasi. Sisemi haya kwa uchungu, maana karatasi ile ilikuwa mali: tuliinyoosha kwa ukucha juu ya goti, tukaiweka jichoni, tukautazama mtaa mzima, msikiti na minazi na punda wa gari, umekuwa wa zambarau, kisha umekuwa wa kijani, na aliyekuwa na rangi nne alihesabiwa tajiri.

Mimi sikuwa na mjomba Maskati. Neno hilo naomba mlishike, kwa sababu ndilo lililonileta hapa usiku huu. Wenzangu wa rika langu, tukikaa barazani baada ya sala ya alasiri, hupenda kusikitika kwamba pipi za ng'ambo zimepoteza ladha tangu zilipoanza kupatikana kila duka. Kwamba zamani kitu kilikuwa kitu, kilisafiri, kilisubiriwa, kilikuja na mkono unaoufahamu, na sasa mtoto hukinunua njiani akitoka madrasa na kukisahau kabla hajafika nyumbani. Nikiwasikiliza hujiuliza ni wangapi kati yao waliokuwa na kopo, na wangapi waliokuwa na karatasi.

Tena si kweli kwamba utamu wa kigeni ulianza kwetu na bati la Mwingereza. Kabla ya meli za moshi, majahazi yaliyoshuka na pepo za kaskazi kutoka Omani na Ghuba yalileta tende zilizoshindiliwa katika makanda ya ukindu, na hizo tende ndizo zilizokuwa lawalawa ya mtoto wa pwani. Halua nayo, kwa jina lake na kwa samli yake na kwa zafarani yake, ilitujia kwa njia hiyohiyo, tukaifanya yetu hata leo Mpemba na Mmaskati hubishana nani aijuaye zaidi. Hata maneno yenyewe ni wasafiri. Sukari ni jina la Kiarabu lililochotwa Bara Hindi. Lile neno ambalo Wamarekani huziitia pipi zao, candy, lilitoka kwa Waarabu vilevile, waliosema qandi, nao walilipata huko huko Bara Hindi. Na sisi, badala ya kulichukua hilo lililokuwa karibu nasi, tukachukua jina la mnanaa wa Kiingereza, tukalipindapinda mpaka likawa peremende. Kwa hiyo pipi ya Kizungu inapoteremshwa bandarini Malindi, huenda inarudi tu katika bahari iliyoitoa.

Mlango ulifunguka katikati ya miaka ya 1980. Mzee Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Muungano mwaka 1985, biashara ikalegezwa, watu wakampa jina la Mzee Ruksa, na shubaka za maduka zilizokuwa tupu zikaanza kujaa sabuni, vitenge, redio za kaseti na, pembeni kabisa karibu na mizani, machupa ya pipi. Sitakaa sana hapo. Mambo ya ruksa yameshazungumzwa na wajuzi kuliko mimi.

Twendeni dukani. Nina mjukuu wa kike, umri wake miaka tisa, ambaye ananipeleka madukani kama nahodha apelekavyo chombo, akijua kila mwamba na kila kina, naye ndiye aliyenifahamisha kwamba duka lililo karibu na kwetu, ambamo mimi kwa miaka mingi nilikuwa nikinunua chumvi na mafuta ya taa, lina upande wa kushoto ambao sikupata kuutazama. Mwenye duka ni Mpemba mtulivu, mtaa mzima unamwita Ami, naye ana ufundi mmoja ambao ningependa vitabu vya uchumi viutaje: haruhusu mfuko mkubwa wa pipi ukae mzima. Mfuko ukifika, anaupasua, anazimimina pipi katika chupa ya kioo, na kuanzia hapo ile bidhaa iliyofungwa kwa ajili ya familia ya mjini Hamburg au Istanbul inauzwa moja moja, kwa sarafu, kwa yeyote mwenye mkono mrefu wa kufikia meza. Nilimwuliza mahali azipatapo.

“Dubai, Maalim,” akasema.

“Lakini hii imeandikwa Uturuki, na hii Uchina.”

“Zimezaliwa huko. Zimekuja kwa Dubai.”

Na ndivyo ilivyo. Wafanyabiashara wetu hununua kwa jumla katika masoko ya Deira, shehena inapakiwa katika kontena bandarini Jebel Ali, na kontena moja hubeba ndani yake nchi kumi. Kaskazi ya zamani imebadili chombo, haikubadili njia.

Sasa, mnunuzi wa pipi za kigeni ana ilimu yake, na mimi nimeipata kwa kuaibika. Siku moja nilinunua kipande cha chokoleti katika duka jingine, kubwa, lenye vioo na kipoza hewa, na nilipokifungua nyumbani nikakikuta kimefunikwa na weupe kama vumbi la chokaa. Nikaghadhibika. Nikakichukua mpaka kwa Ami, si kwa kuwa ndiye aliyeniuzia, bali kwa kuwa yeye ndiye kadhi wetu katika mambo haya, nikamwambia: tazama, wameniuzia chokoleti iliyoota ukungu.

“Shikamoo kwanza, Maalim,” akasema, kwa kuwa kwa hasira nilikuwa nimeingia bila salamu. “Huo si ukungu. Ni mafuta yake yenyewe.”

Akanieleza, nami baadaye nikahakikisha kwamba amesema haki. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la digrii thelathini na nne hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, na hiyo ndiyo siri ya chokoleti kuwa ngumu mkononi na laini ulimini. Lakini hiyo siri iliwafaa Waswisi, na Daniel Peter wa mji wa Vevey, aliyeichanganya chokoleti na maziwa mwaka 1875, hakuwa na haja ya kuifikiria bandari ya Zanzibar mwezi wa Februari. Ndani ya kontena lililosimama juani chokoleti huyeyuka, usiku ikaganda tena bila mpango, na mafuta yakapanda juu na kukaa kama utando mweupe. Kuila hakuna madhara. Ila imepoteza ule mlio wake wa kukatika, na inatafunika kama chaki. Tangu siku hiyo mimi chokoleti huinunua katika miezi ya kipupwe, na huishika kwanza kwa vidole nikiwa bado dukani, kama ashikavyo mwingine embe.

Kuna na nambari. Vijana wengi huamini kwamba ukizitazama tarakimu tatu za mwanzo chini ya ile mistari myeusi ya kwenye ganda, utajua kitu kimetengenezwa wapi: 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya, 869 ni Uturuki, 890 ni Bara Hindi. Tarakimu ni sahihi, hukumu ndiyo si sahihi, kwa kuwa nambari ile hueleza kampuni imejiandikisha nchi gani, wala haielezi kiwanda kiko wapi, na kampuni iliyoandikishwa Uingereza yaweza kuipikia pipi yake Misri au Poland. Anayetaka kujua na asome maandishi madogo. Na tarehe pia isomwe kwa hadhari, maana Wamarekani huanza na mwezi kabla ya siku, hata pipi ambayo sisi tungedhani mwisho wake ni tarehe nane Julai, kwao wao ni tarehe saba Agosti.

Lakini hayo yote ni mepesi mbele ya suala la jelatini, ambalo kwa sisi Waislamu wa visiwani si suala la ladha. Mjukuu wangu anapenda vidubu vya rangi, vile vinavyovutika na kutafunika kama mpira, ambavyo asili yake ni Hans Riegel wa mji wa Bonn, aliyeanzisha kampuni mwaka 1920 na kuiita Haribo kwa kuunganisha silabi za mwanzo za jina lake, la ukoo wake na la mji wake, kisha mwaka 1922 akatoa dubu wa kwanza. Kinachowafanya dubu hawa wavutike ni jelatini, nayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na Ulaya aghalabu mnyama huyo ni nguruwe. Kampuni hiyohiyo ina kiwanda Uturuki kinachotumia jelatini ya ng'ombe, na mifuko yake ina alama ya halali; kwa hiyo dubu wawili wanaweza kukaa katika shubaka moja, rangi moja, sura moja, mmoja ameingia kwa njia ya Istanbul na mwingine kwa njia ya Ujerumani, na mtoto hawezi kuwatofautisha hata kidogo. Ami huagiza wale wa Kituruki tu, na ule upande wa mfuko wenye alama ya halali ameukata na kuubandika ndani ya chupa, uelekee nje, ili mfuko ukisha kupasuliwa ushahidi usipotee. Sijapata kuona supamaketi iliyofikiri hivyo. Kuna pipi za namna hiyo zilizogandishwa kwa pektini, itokayo katika maganda ya matunda, hizo hazina shaka. Na kuna rangi nyekundu iandikwayo E120, ambayo ni wadudu waliokaushwa na kusagwa, na juu ya hiyo mashekhe wana kauli zao, wala mimi si mufti.

Nimesema mengi ya kulisifu duka. Inafaa niseme na kile lisichokiweza. Mwaka juzi mpwa wangu anayeishi Sweden alitujia likizo na mfuko wa pipi nyeusi tii. Tulikusanyika, watu wazima na watoto, kila mmoja akatia yake kinywani, na baada ya muda wa kuhesabu tatu nyumba nzima ilikuwa imekimbilia uani. Ilikuwa ni urukususu, ule mzizi mtamu ambao wauza dawa za Kiarabu hutupa kwa kikohozi, uliochanganywa na kloridi ya amonia, ukawa mchungu, wenye chumvi na wenye kuwasha puani kwa wakati mmoja. Watu wa Sweden na Finland huila kwa furaha tangu utotoni. Mpwa wangu alicheka mpaka akalia, kisha akaumaliza mfuko wote peke yake, akitwambia kwamba miaka miwili ya kwanza na yeye alikuwa akiitema. Nikafikiri: hii hamna mfanyabiashara wa Deira atakayeipakia katika kontena lake, kwa kuwa duka huleta tunachokitaka, au tunachoelekea kukitaka; lakini kitu tusichokitaka, ambacho hata hivyo kina habari ndani yake ya mahali alipo mtu wetu na jinsi ulimi wake unavyogeuka kidogo kidogo akiwa mbali nasi, hicho huletwa na jamaa tu.

Ghairi ya hilo, mgeni wa kutoka ng'ambo siku hizi hana la kubeba. Dada yangu mmoja, aliyeolewa Maskati, alikuja mwaka huu na kopo la Quality Street, akakuta jingine kama hilo dukani kwa Ami, tena limeshafunguliwa na linauzwa moja moja. Alinuna mchana kutwa. Jioni akatoa orodha ya vitu avitakavyo kurudi navyo, na ya kwanza ilikuwa ubuyu, kilo tatu, wa pilipili na usio wa pilipili. Ya pili kashata za nazi. Ya tatu visheti. Mizigo imegeuka. Na lile kopo lake tulilifungua, watoto wakazigawana pipi, nami nikaokota karatasi ya zambarau sakafuni, nikainyoosha juu ya goti kwa ukucha, nikaiinua jichoni. Sikuona kitu. Mwaka 2022 Nestlé, ambao waliinunua kampuni iliyozitengeneza pipi zile mwaka 1988, walibadili karatasi zile zing'aazo wakatia karatasi ya kawaida iliyopakwa nta, ili iweze kutumika tena viwandani. Sababu ni njema, wala siipingi. Mjukuu wangu aliniuliza, Babu, unatafuta nini? Nikamwambia, mtaa.

Bado kuna jambo moja linalonikera, nalo si la karatasi. Kyela, huko Mbeya, wakulima wetu wanapanda kakao. Bundibugyo, Uganda, vilevile. Na punje zile nyingi hupakiwa magunia kwa magunia, zikaenda Ulaya, zikarudi katika rafu zetu zimeandikwa majina ya milima ya theluji. Mwaka 2014 hata kiwanda cha Cadbury kilichokuwa Nairobi kilisimamisha kazi yake. Wapo mafundi wachache Tanzania na Uganda wanaotengeneza chokoleti kwa kakao ya nyumbani, lakini aghalabu bidhaa yao huonekana katika maduka ya watalii, katika kasha zuri, kwa bei ambayo mtoto wa madrasa hataifikia kwa sarafu ya Idi. Mpaka siku mtu wa Kyela atakapoweza kuinunua chokoleti ya Kyela moja moja katika chupa ya Ami, mimi sitakubali kuambiwa kwamba biashara hii imekamilika.

Idi haiko mbali. Watoto watavaa, watakwenda Mnazi Mmoja wakiwa na pesa zao za sikukuu zimekunjwa katika kiganja, na njiani watapita madukani kwenu. Nawaomba basi wenye maduka mlionisikiliza usiku huu mambo mawili tu: chokoleti iondoeni dirishani, jua lisiipate, na mifuko ile mikubwa, tafadhalini, ipasueni.